Kichujio na Feni: Hesabu ya Hewa Safi Nyumbani

Mtu mzima huvuta hewa ipatayo lita 11,000 kwa siku moja. Maji anayokunywa hayafiki lita 3 kwa kawaida, na tena aweza kuyachemsha, kuyachuja na kuyatazama kabla ya kuyatia kinywani. Hewa haimpi nafasi hiyo. Humwingia usiku na mchana, awe macho au amelala, pamoja na kila kilichochanganyika nayo. Ndiyo maana katika miji mingi ya dunia watu wameanza kuitendea hewa ya nyumbani kama walivyoyatendea maji tangu zamani, yaani kuichuja.

Mashine ya kusafisha hewa ni chombo rahisi kueleweka. Ni sanduku lenye feni na kichujio: feni huvuta hewa ya chumbani, huipitisha katika kichujio, kisha huirudisha chumbani ikiwa imepungukiwa na vumbi na moshi. Mashine hizi zilienea katika nyumba za Beijing na New Delhi kwa sababu ya moshi wa viwanda, magari na mashamba, na huko California kwa sababu ya moto wa misitu. Siku hizi zinauzwa pia katika maduka ya Nairobi na Dar es Salaam.

Mwenye mashine hukabiliwa na maswali mawili: kichujio kibadilishwe lini, na feni iwekwe katika kasi gani? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba maswali hayo mawili kwa hakika ni swali moja, na kwamba jibu lake hutokana na hesabu ya kuzidisha ambayo mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Asiyeijua hesabu hiyo aweza kulala karibu na mashine inayonguruma usiku kucha, akiamini kwamba amelindwa, na kumbe hewa anayoivuta haitofautiani sana na ile ya barabarani.

Chembe zinazotuhusu

Vumbi tunaloliona likielea katika mwale wa jua si lile la kuogopwa zaidi. Chembe zenye madhara makubwa ni zile ambazo kipenyo chake hakizidi mikromita 2.5. Mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa mtu una unene wa mikromita 70 hivi. Chembe ndogo kiasi hicho hupenya vinyweleo vya pua, hupita koo na mirija ya pumzi, na kufika katika vifuko vya mapafu ambamo oksijeni huingia katika damu. Hutokana hasa na vitu vinavyoungua: kuni, mkaa, dizeli, taka na sigara.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango lilichokipendekeza cha chembe hizi, kwa wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Shirika hilo linakadiria kwamba moshi wa majumbani, wa kuni, mkaa, mafuta ya taa na vinginevyo, ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020.

Kichujio hakifanyi kazi kama chekeche

Wengi hudhani kwamba kichujio cha hewa ni chekeche la unga, au kifumbu cha kuchujia tui: kilicho kikubwa kuliko tundu hubaki, kilicho kidogo hupita. Sivyo. Kichujio cha daraja liitwalo HEPA ni msitu wa nyuzi nyembamba zilizolala ovyo, na nafasi zilizo baina ya nyuzi hizo ni pana kuliko chembe nyingi zinazonaswa. Chembe hunaswa kwa njia tatu.

Ya kwanza ni ya chembe kubwa, zizidizo mikromita 1. Hewa inapoukaribia uzi hupinda na kuuzunguka, lakini chembe nzito hushindwa kupinda nayo. Huendelea moja kwa moja na kuugonga uzi, kama abiria wanavyotupwa upande mmoja basi likikata kona ghafla. Njia ya pili ni ya chembe za kadiri, ambazo hupinda pamoja na hewa lakini hupita karibu mno na uzi, zikaugusa na kuganda. Njia ya tatu ni ya chembe ndogo kabisa, chini ya mikromita 0.1. Hizi husukumwa huku na huko na molekuli za hewa, hata mwendo wao ukawa kama wa mlevi. Huu ndio mwendo wa Brown, uliochunguzwa na Robert Brown mwaka 1827 na kuelezwa kihesabu na Albert Einstein mwaka 1905. Chembe inayotangatanga hivyo haikosi kugongana na uzi. Nayo ikishagusa, nguvu ndogo za mvutano baina ya molekuli huishikilia hapo.

Ajabu iliyopo ni kwamba chembe ngumu zaidi kunaswa si ndogo kuliko zote. Ni zile za mikromita 0.3 hivi, ambazo ni nyepesi mno kwa njia ya kwanza na kubwa mno kwa njia ya tatu. Mkemia wa Marekani Irving Langmuir, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932, alilitambua jambo hili wakati wa Vita Kuu ya Pili alipokuwa akichunguza namna ya kuchuja moshi. Ndiyo sababu vichujio vya HEPA nchini Marekani hupimwa kwa chembe za ukubwa huo, na hutakiwa kunasa asilimia 99.97 kati ya hizo. Kwa chembe kubwa zaidi, na kwa zilizo ndogo zaidi, kichujio hufanya vizuri kuliko hapo.

Hesabu ya kuzidisha

Asilimia 99.97 ni tarakimu inayovutia, na wauzaji huiandika kwa herufi kubwa juu ya sanduku. Lakini tarakimu hiyo yatueleza tu yanayoipata hewa iliyopita katika kichujio. Haisemi neno juu ya hewa ambayo haijapita. Kwa hiyo kipimo kinachofaa ni hiki:

Hewa safi kwa saa = sehemu ya chembe inayonaswa × ujazo wa hewa unaopita kwa saa.

Na tuchukue mifano miwili. Mashine ya kwanza inanasa asilimia 99.97 na kupitisha mita za ujazo 100 kwa saa. Inatupatia takriban mita za ujazo 100 za hewa safi. Mashine ya pili inanasa asilimia 80 tu, lakini inapitisha mita za ujazo 200, inatupatia 160. Ya pili ni bora, ingawa kichujio chake ni hafifu, kwa maana hewa ile ile ya chumbani hurudi tena na tena kuchujwa. Kilichoponyoka mara ya kwanza hunaswa mara ya pili au ya tatu.

Jambo hili lilithibitika waziwazi huko Marekani. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya UVIKO-19, mhandisi Richard Corsi, aliyekuwa mkuu wa kitivo cha uhandisi katika Chuo Kikuu cha Portland State, jimboni Oregon, alipendekeza mashine ambayo mtu yeyote aweza kujiundia. Jim Rosenthal wa Texas, mwenye kazi ya vichujio, akaiunda. Ni sanduku ambalo kuta zake ni vichujio vya kawaida vya mitambo ya hewa ya majengo, vilivyounganishwa kwa utepe wa gundi, na juu yake kuna feni pana ya mraba. Septemba mwaka huo huo moshi wa moto wa misitu uliifunika Oregon, na hewa ya mji wa Portland ikawa miongoni mwa hewa chafu kuliko zote duniani. Watu wengi wakajiundia masanduku hayo.

Vichujio vilivyotumika ni vya daraja la MERV 13, ambalo halidai zaidi ya kunasa nusu ya chembe zilizo kati ya mikromita 0.3 na 1. Hata hivyo, watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini Davis walipolipima sanduku lenye vichujio 5, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, walikuta kwamba linatoa hewa safi kati ya mita za ujazo 1,000 na 1,400 hivi kwa saa, kwa kutegemea kasi ya feni. Gharama ya vifaa ilikuwa kama dola 75. Siri yake ni eneo: vichujio vitano vipana havimzuii sana mpita njia, yaani hewa. Mashine za dukani hutumia siri hiyo hiyo, ila karatasi ya kichujio hukunjwakunjwa kama marinda ya sketi ili eneo kubwa lienee mahali padogo.

Chumba cha mita za ujazo 50

Tuseme tuna chumba chenye urefu wa mita 5, upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.5; ujazo wake ni mita 50. Ndani yake tumeweka mashine inayotoa hewa safi ya mita za ujazo 250 kwa saa ikiwa katika kasi ya juu, na 80 ikiwa katika kasi ya chini, ile ya wakati wa kulala. Msomaji aangalie hapa kwamba tarakimu inayoandikwa na mtengenezaji juu ya sanduku kwa kawaida ni ile ya kasi ya juu kabisa.

Kwa kasi ya juu hewa ya chumba husafishwa mara 5 kwa saa, na kwa kasi ya chini mara 1.6. Ikiwa chumba kimefungwa na moshi umekwisha kuingia, muda wa kuupunguza hadi nusu hupatikana kwa kugawanya dakika 42 kwa idadi hiyo ya mara. Kwa kasi ya juu ni dakika 8 hivi. Kwa kasi ya chini ni dakika 26.

Lakini chumba hakifungwi kabisa. Hewa ya nje huingia daima kwa nyufa, milango na madirisha. Tukiita U idadi ya mara ambazo hewa ya nje huingia kwa saa na kuijaza nyumba, na S idadi ya mara ambazo mashine husafisha, basi hali ikitulia sehemu ya uchafu wa nje inayobaki ndani ni U ÷ (U + S). Tumeacha nje ya hesabu chembe zinazotua zenyewe sakafuni. Matokeo ni haya:

Madirisha yamefungwa barabara (U = 0.5): kasi ya juu, asilimia 9, kasi ya chini, asilimia 24.
Madirisha yamefungwa lakini yana nyufa (U = 2): kasi ya juu, asilimia 29; kasi ya chini, asilimia 56.
Madirisha yako wazi (U = 10): kasi ya juu, asilimia 67; kasi ya chini, asilimia 86.

Mstari wa mwisho watuhusu sana sisi tunaoishi mahali pa joto. Nyumba zetu za pwani zimejengwa ili upepo upite, na madirisha yake mengi yana wavu wa mbu tu. Katika nyumba ya namna hiyo mashine ndogo, tena katika kasi ya chini, hula umeme pasipo faida kubwa. Ama chumba kimoja kifungwe kwa saa zile ambazo moshi wa nje umezidi, ama fedha itumiwe kuondoa chanzo cha moshi chenyewe.

Kasi, kelele na umeme

Kwa nini basi watu huweka kasi ya chini? Sababu ni kelele. Hapa sheria za feni zatupa mwongozo. Mzunguko wa feni ukipunguzwa hadi nusu, hewa inayopita hupungua hadi nusu. Nguvu ya umeme inayohitajika na feni hupungua kwa mchemraba, yaani hadi sehemu moja ya nane. Na kelele hupungua kwa kadiri ya desibeli 15. Kwa hiyo mashine mbili zinazozunguka kwa nusu ya kasi hutoa hewa safi sawa na mashine moja ya kasi kamili, kwa robo ya umeme na kwa kelele ndogo zaidi. Mnunuzi mwenye busara huchagua mashine kubwa kuliko mahitaji yake, akaiendesha polepole. Anayenunua ndogo atalazimika kuchagua kati ya usingizi na mapafu.

Mashine nyingi zina pia mpango wa kujiongoza zenyewe. Ndani yake mna kijicho kinachopima mwanga unaotawanywa na chembe, na feni huongeza kasi chembe zikizidi. Mpango huu una kasoro moja: kijicho kimo ndani ya mashine yenyewe, karibu na hewa iliyokwisha kusafishwa, na pembe ya mbali ya chumba hakiioni. Katika siku za moshi mwingi ni afadhali kuchagua kasi kwa mkono.

Kichujio kinapochakaa

Sasa tunaweza kulijibu swali la kubadilisha kichujio. Kichujio cha nyuzi tupu kinapojaa hakiachi kunasa. Kwa kweli hunasa zaidi, kwa kuwa chembe zilizoganda nazo hugeuka kuwa matawi ya kunasia nyingine. Kinachopungua ni ujazo wa hewa, maana njia zimeziba na feni haina nguvu ya kuisukuma. Kuna vichujio vingine ambavyo nyuzi zake zimetiwa chaji ya umeme ili zivute chembe. Hivi hupungua pia katika kunasa, kwa sababu moshi na mafuta ya jikoni huifunika chaji hiyo. Kwa vyovyote vile, moja ya tarakimu zetu mbili inashuka, na zao lake linashuka nayo.

Watengenezaji wengi hutaja muda wa miezi 6 hadi 12. Lakini kichujio hakihesabu miezi, huhesabu gramu. Mashine yetu ikipitisha mita za ujazo 250 kwa saa, usiku na mchana, katika hewa yenye mikrogramu 50 kwa mita ya ujazo, hunasa gramu 0.3 kwa siku. Hewa ikiwa na mikrogramu 10 tu, hunasa gramu 0.06. Kiwango cha taifa cha China, GB/T 18801 cha mwaka 2015, kiliweka katika daraja la juu kabisa kichujio ambacho hunasa gramu 12 au zaidi za chembe kabla hewa safi inayotolewa haijashuka hadi nusu. Kichujio cha gramu 12 kitafikia hapo kwa siku 40 katika chumba cha kwanza, na kwa siku 200 katika chumba cha pili. Taa ya kukumbusha kubadilisha haitusaidii sana, maana katika mashine nyingi taa hiyo huhesabu saa za kufanya kazi tu.

Mambo machache ya utunzaji yafuata hapa. Wavu wa nje, unaozuia nywele na vumbi nene, usafishwe kila baada ya wiki chache. Kichujio cha HEPA kisioshwe kwa maji ila pale mtengenezaji aliporuhusu, kwani maji huharibu nyuzi na chaji yake. Kichujio kipya kikazwe vizuri mahali pake, kwa sababu hewa hupenda njia nyepesi na itapita katika upenyo wowote ulioachwa pembeni. Na kabla ya yote, mfuko wa plastiki ambao kichujio huja nao ndani ya mashine uvuliwe. Kosa hili lachekesha, lakini hutokea mara nyingi, na mashine huendelea kunguruma kama kawaida.

Jambo ambalo mashine haiwezi

Baadhi ya mashine zina tabaka la kaboni ya kunyonya harufu. Uso wa ndani wa gramu moja ya kaboni hiyo huzidi mita za mraba 500, na gesi nyingi hugandia humo. Lakini kaboni monoksidi, gesi ya jiko la mkaa, haigandi, kwa kuwa molekuli zake ni ndogo na mvutano wake ni dhaifu mno katika joto la kawaida. Kichujio cha HEPA nacho hakiizuii hata kidogo.

Hatari iliyopo hapa haina budi kuelezwa wazi. Mkaa uliokwisha kushika moto hutoa moshi kidogo sana, na kijicho cha mashine huona chembe tu. Katika nyanda za juu zenye baridi, mtu aliyeingiza jiko la mkaa chumbani apate joto aweza kuona taa ya kijani ikimwambia kwamba hewa ni safi, huku kaboni monoksidi ikijaa. Gesi hiyo hushikana na hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, haina rangi wala harufu, na huua watu usingizini. Hakuna kasi ya feni wala kichujio kipya kinachoweza kuiondoa. Jiko lina mahali pake, nako ni nje.

Jaribio la darasani

Ujazo wa hewa waweza kupimwa bila chombo cha bei. Chukua mfuko mkubwa mwepesi wa plastiki ambao ujazo wake unajulikana, tuseme lita 100. Ubonyeze hadi uishe hewa, uweke mdomoni pa feni, upime kwa saa sekunde zinazopita hadi ujae. Ukijaa kwa sekunde 3, hewa inayopita ni mita za ujazo 120 kwa saa. Rudia mara 10 na utafute wastani, kwa kuwa mkono wa binadamu huchelewa. Kisha funika upande wa nyuma wa feni kwa kitambaa kimoja, halafu viwili, halafu vitatu, upime kila mara. Mwisho, tumia kitambaa cha aina ile ile kilichokunjwa marinda juu ya fremu ya waya, ili eneo lake liwe mara tatu, ulinganishe na kile kilichonyooshwa. Wanafunzi watajionea kwa nini kichujio hukunjwa, na kwa nini kilichoziba chapaswa kubadilishwa.

Maswali ya kujadili

1. Darasa lina urefu wa mita 8, upana wa mita 7 na kimo cha mita 3. Zinahitajika mashine ngapi za mita za ujazo 250 kwa saa ili hewa isafishwe mara 5 kwa saa? Je, zikiendeshwa kwa nusu ya kasi?

2. Feni hutumia wati 40 katika kasi kamili. Kwa kufuata sheria za feni, itatumia yuniti ngapi za umeme kwa saa 10 katika kasi kamili, na ngapi katika nusu ya kasi?

3. Kichujio kimoja kinanasa asilimia 99.97 na kingine asilimia 60. Katika hali zipi cha pili kitaufaa ukoo wenye mgonjwa wa pumu kuliko cha kwanza?

4. Taja vyanzo vitatu vya moshi karibu na shule yenu. Ni kipi kati ya hivyo chaweza kuondolewa kwa gharama ndogo kuliko bei ya mashine moja?